Usukani Kichwani kwa Mtani

Jumapili, 4 Desemba 1994

Zena amesema amechoka kunisikiliza. "Baba Shani, hayo maneno yaandike. Karatasi haina masikio ya kuuma." Basi naandika. Mimi Athuman, fundi wa magari, Mnyamwezi wa Tabora, mkazi wa Chang'ombe hapa Dodoma, nina hasira, na sababu ninayo.

Mke wangu ameanguka. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi usiku, na jana asubuhi jabali anakogongea mawe lilikuwa bado limelowa. Zena aliteleza akiwa na debe la kokoto kichwani. Mfupa wa bega umevunjika. Amerudi kutoka hospitali amefungwa mkono kifuani kwa khanga, na neno la kwanza aliloniambia ni kwamba debe limebonyea na si lake, la kuazima.

Tangu kampuni yetu ya usafirishaji ifungwe na sisi wote kuambiwa twende nyumbani, Zena anagonga mawe na akina mama wa Miyuji, kwenye mlima ulio nyuma ya kata hiyo. Zamani waligonga chini, karibu na barabara. Sasa huko chini kote amepewa kibali bwana mmoja, na kina mama wamefukuzwa wapande juu. Bwana huyo ni Ludovick. Alikuwa meneja wetu. Na malori yanayobeba kokoto zake ni yale yale ya kampuni, nayajua kwa sauti, maana gia zake nimezifungua kwa mikono hii. Sisi tulifukuzwa kwa sababu kampuni haina kitu. Yeye kwenye hiyo hiyo isiyo na kitu ameokota malori matatu!

Jumanne, 6 Desemba

Nimepanda mlima mwenyewe kuona. Kutoka barabarani hadi katikati punda wanafika, ingawa kwa taabu. Hapo katikati pana mahali palipolala, kina mama wanapaita Kitini. Kutoka Kitini kwenda juu ni jabali tupu, limeinama kama paa la bati, lina ngazi za mawe hapa na pale, nyingine zinanifika kiunoni. Mwaka jana punda alivunjika mguu hapo, na tangu siku hiyo hapandishwi punda. Wanapandishwa wanawake. Wanashusha kokoto kwa vichwa hadi Kitini, punda ndio wanapokea.

Punda akiumia tunasema inatosha. Mwanamke akiumia tunasema pole.

Jumatano, 7 Desemba

Nimeamua. Uani kwangu, chini ya mti wa mkungugu, kuna mzoga wa Land Rover. Siku kampuni ilipofungwa Ludovick alisimama getini akasema mbele yetu sote, "Mishahara hakuna. Chukueni vyuma mwondoke navyo, hivi si magari tena." Wenzangu walichukua betri na matairi. Mimi nilichukua mzoga, wakanicheka njia nzima hadi Makole.

Nitalitengeneza lipande lile jabali. Zena asibebe tena debe kutoka juu. Hilo tu. Sitaki kuwa tajiri.

Alhamisi, 8 Desemba

Mvua. Sikufanya kitu zaidi ya kununa.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimelivua bodi lote. Kisha nimelikata kiuno. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ikiwa ndefu na ikapanda jiwe, inakaa tumbo juu ya jiwe, magurudumu yanaelea, dereva anabaki kupiga honi. Nimepunguza urefu wa mkono mzima na kuunga upya. Jirani mmoja amechungulia juu ya ua akaniuliza kama natengeneza gari au kitanda. Nikamwambia kitanda, kwa ajili ya mke wake. Zena amenikemea.

Jumapili, 18 Desemba

Leo amekuja mama Dorkasi kumwona mgonjwa. Ndiye mkubwa wa wagonga mawe, Mgogo wa hapo hapo Miyuji, mjane, sauti yake inavuka korongo. Alileta unga wa uwele na mlenda mkavu, akamfunga Zena bega upya, vizuri kuliko walivyomfunga hospitali. Hadi hapo namshukuru.

Kisha akatoka uani akaona kazi yangu. Akalizunguka gari mara mbili.

"Mtani, hiki ni nini?"

"Gari la kupanda jabali."

"Heee! Mnyamwezi anatengeneza chuma kimbebee mzigo! Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, shingo haikukatika. Wewe unataka gari! Mpagazi gani wewe?"

"Na babu yako alikaa kwenye kisima akamtoza kila funda la maji," nikamjibu. "Hata leo mmekaa tu mnangoja msafara."

Akacheka mpaka akashika mkungugu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani akikutukana unacheka. Mtani akichukua kitu chako unamtania mpaka akirudishe, au unamlipa kidogo, yakaisha. Kukasirika hakuna. Sheria hiyo niliikuta, sikuitunga mimi, maana mimi ningeweka kipengele cha mafundi. Alipoondoka aliondoka na honi yangu. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kuipata!

Nimecheka, ndiyo. Meno yalicheka.

Jumapili, 1 Januari 1995

Mwaka mpya. Mvua usiku kucha. Zena hawezi kulalia ubavu wa kushoto.

Jumanne, 10 Januari

Watu wanadhani gari la kupanda mawe linataka nguvu. Linataka upole. Ukikimbilia jiwe, jiwe linakushinda. Kwa hiyo nimefunga giaboksi mbili, moja nyuma ya nyingine, ya pili nimeitoa kwenye mzoga mwingine kwa fundi wa Chang'ombe aliyetaka kuuza chuma chakavu. Sasa gia ya kwanza ukiitia, injini inanguruma na gari linatembea polepole kuliko kobe. Difu la nyuma, lile bonge la gia kati ya magurudumu, nimelichomelea ndani ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Kwenye lami hiyo ni balaa, litakula matairi kwa mwezi. Lakini kwenye mwamba, gurudumu moja likining'inia hewani, la pili bado linavuta. Juu ya dereva nimezungusha mabomba ya mradi wa maji uliokufa, likibiringika lisinisage.

Mradi wa maji nao ulikufa. Orodha ya vilivyokufa nchi hii ingejaza gazeti, na kila kilichokufa kina bwana mmoja amesimama pembeni amenenepa.

Jumapili, 15 Januari

Zena amerudi mlimani. Bega bado. Nilimkataza, akaniuliza kwa upole tutakula nini, giaboksi? Mwanaume mzima nimebaki naangalia mke wangu anafunga kata yake ya kubebea mzigo kwenye kona ya khanga na kuondoka.

Jumamosi, 21 Januari

Dorkasi amepita. Ameondoka na kioo cha pembeni. Anasema anakitumia kujitazama akisuka nywele. Zena anacheka naye, mimi natafuta spana nisizozihitaji. Gari lenyewe halijapanda hata tuta la viazi, tayari lina mwizi wake wa kudumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 1 Februari

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Mvua nazo zimesimama, kile kiangazi cha katikati kinachoua mtama kila mwaka. Wakulima wanatazama mbingu, mimi natazama jabali linavyokauka. Nimeona haya kufurahi.

Jumamosi, 11 Februari

LIMEPANDA!

Nilitoka kabla ya kupambazuka nikapitia kwenye mchanga wa korongo, maana gari halina kadi wala taa, na sikutaka barabara. Jua lilipotoka nilikuwa chini ya mlima. Nimepunguza upepo matairini mpaka yakawa laini kama chapati. Nikatia gia. Jiwe la kwanza, la pili. Kina mama waliacha nyundo wakaja kusimama ukingoni. Lilipanda linanguruma, linainua gurudumu moja kama mbwa anayekojoa, linashika, linavuta, likafika Kitini. Mimi na funga yangu, koo limekauka, nilipiga kelele kama mtoto.

Klachi ikaanza kunuka. Nikasema lipoe, nusu ya juu tutapanda kesho. Nikaweka mawe chini ya magurudumu nikashuka kwa miguu na mke wangu. Njia nzima Zena alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Sijatazamwa hivyo tangu Tabora.

Jumapili, 12 Februari



Nimepanda asubuhi, gari halina usukani. Nikatafuta chini ya gari kama mjinga. Halafu nikasikia kicheko juu. Dorkasi anashuka jabalini, usukani wangu ameuweka kichwani kama kata, na juu ya usukani debe la kokoto, anatembea hajashika.

"Mtani, kata yangu mpya unaionaje?"

"Rudisha."

"Aaa! Mzigo wa Mnyamwezi unapita Ugogo bila hongo ya njia? Tangu lini? Leta hongo yetu upite."

Kina mama wote wakaangua kicheko. Zena naye! Ni siku ngapi nimelala na grisi mwilini? Ni mara ngapi nimekatwa na bati? Na yote ni kwa ajili yao, vichwa vyao wenyewe. Nikamwambia nitampeleka polisi. Wakazidi kucheka, walidhani ni utani mzuri.

Nikashuka moja kwa moja hadi kituoni.

Kulikuwa na sajenti anaitwa Elisante, mtu wa makamo, mpole. Watu wengi kwenye benchi. "Umeibiwa usukani," akaandika. "Wa gari namba ngapi?" Nikamwambia halina. "Kadi yake iko wapi?" Nikamweleza habari za mzoga. Akaendelea kuandika. "Aliyekuibia unamjua?"

"Dorkasi, Mgogo wa Miyuji."

"Na wewe kabila gani, mzee?"

"Mnyamwezi."

Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, umekuja kumshitaki mtani?"

Benchi zima lilicheka. Bibi mmoja aliyeletwa kwa kesi ya pombe alicheka hadi akafutwa machozi na mwenzake. Nikaondoka. Lakini maneno niliyoyasema yalibaki kituoni, yote: gari, mzoga, kampuni.

Jumapili hiyo hiyo

Zena hakunipikia futari. Aliniwekea maji na tende mbili, akakaa mlangoni amenipa mgongo.

"Umemshitaki mtani," akasema. "Ukifa, nani atakuja kukutania kwenye maziko yako? Polisi?"

Nikasema hasira za funga.

"Funga haina hasira. Wewe ndiye unazo."

Ijumaa, 17 Februari

Kina mama hawanisemeshi. Dorkasi naye hanitanii. Amenisalimia, "Habari za asubuhi, baba," kama mtu anayesalimia karani wa benki. Usukani kautundika kwenye ukuta wa nyumba yake. Nilidhani nachukia kutaniwa.

Jumanne, 21 Februari

Kituoni waliulizia mzoga ni wa nani. Jibu likatoka kwa nani? Kwa Ludovick. Anamsaidia mfilisi wa kampuni, ndiye anayejua nini kilikuwa cha nani. Fisi amewekwa kuhesabu mbuzi.

Leo amepanda hadi Kitini na sajenti Elisante, anahema, viatu vyeupe kwa vumbi. Amelitazama gari. Kisha akatazama chini lilikotoka, akatazama jabali lililobaki. Nikaona macho yake yanapiga hesabu.

"Fundi Athuman, sina ugomvi na wewe. Gari ni mali ya kampuni. Lishushe tu, ulifanyie kazi kwangu, nikupe udereva. Hata hawa kina mama wanaweza kuja kugonga kwangu chini, nitawalipa kwa siku. Juu huku kuna mawe mazuri, tutayashusha pamoja."

"Mzee, ulisema tuchukue vyuma. Getini. Watu wote walisikia."

"Niliandika wapi?"

Niliandika wapi! Alipotufukuza aliandika wapi? Mishahara yetu aliandika wapi kwamba imekufa? Mdomo wake ulitosha kututoa kazini, lakini hautoshi kutupa chuma chenye kutu. Nilimwambia silishushi. Akasema Jumapili baada ya Idi ataleta punda na mitungi ya gesi, alikate vipande hapo hapo Kitini, auze kwa kilo.

Sajenti wakati wa kushuka alisema tu, "Mimi nimeagizwa gari lisilo na kadi lisionekane barabarani." Akatazama mawe pande zote, akashuka.

Jumamosi, 25 Februari

Sijalala. Gari lipo Kitini, punda wanafika Kitini, mitungi itafika Kitini. Juu punda hawafiki. Gari likiwa juu, mtu atakayetaka kulikata abebe mitungi kichwani kwenye jabali, na kwa ajili ya Ludovick hatapatikana. Lakini kwenda juu nataka usukani, na usukani uko ukutani kwa mtu niliyemvunjia utani.

Ningeweza kutafuta mwingine. Nimezunguka Makole na Chang'ombe nikitafuta mwingine. Nilipoupata, usukani wa Land Rover mzima, nikaushika mkononi, nikaurudisha. Sijui kuieleza vizuri. Nikipanda bila wao nitakuwa na gari, basi.

Ijumaa, 3 Machi. Idi

Baada ya swala nilichukua jogoo nikaenda Miyuji na kanzu yangu. Dorkasi alikuwa anapepeta. Hakuinua kichwa.

"Mtani," nikasema, "msafara umekuja kulipa hongo."

Akamtazama jogoo.

"Huyu ni wa kosa la polisi. Hongo ya njia bado."

"Sema unachotaka."

Akasema. Nikajua nilistahili.

Tulipanda wote. Kina mama walikuwa wamekwishaambizana, wakajipanga kutoka juu hadi Kitini kama watu wanaongoja harusi. Dorkasi akanivika kata, akajaza debe, wanne wakanitwika. Nikashuka jabali lile na kanzu ya Idi, debe la kokoto kichwani.

Sasa nitasema ukweli. Nilidhani najua. Nimelipima jabali, nimelipigia hesabu, nimelichongea giaboksi. Sikujua. Shingo inaingia kifuani. Huoni miguu yako, unaisikiliza. Hatua ya saba au ya nane nilisahau kama wananicheka. Kila siku Zena hushuka hivi, na bega lile. Nilifika Kitini, machozi yakanitoka mbele ya watu, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika debe.

"Babu yako amefurahi," Dorkasi akasema. Akanitua mwenyewe. "Hata kama umemwaga nusu, mpagazi hewa wewe."

Usukani ulikuwa tayari Kitini, umefungwa khanga kama mtoto.

Jumapili, 5 Machi

Wingu lilikuwa limekaa upande wa mashariki tangu alfajiri. Jabali likilowa, basi. Nikafunga usukani, nikawasha.

Jabali la juu dereva halioni. Ukiinua pua ya gari unaona mbingu tu. Kwa hiyo Dorkasi alisimama mbele, kinyumenyume, akiniongoza, na kina mama pande zote na mawe mikononi, wakiziba mapengo mbele ya gurudumu.

"Kushoto, mpagazi! Kushoto, nimesema, au Tabora kushoto ni huku? Haya, taratibu. Taratibu! Unakimbilia Bagamoyo? Simama! Tia jiwe hapo, mama Sila. Njoo. Njoo, mla asali wa Tabora, njoo!"

Nilimfuata kila tusi. Kwenye ile ngazi ya kiunoni gurudumu la kushoto lilitoka hewani, gari likaegama, nikasikia mabomba ya mradi wa maji yakiomba dua. Zena alikuwa upande wa bonde. Nikampigia kelele aondoke. Hakuondoka, akasukuma jiwe chini ya gurudumu la kulia kwa miguu yote miwili, akiwa amekaa. Difu langu lililochomelewa likashika. Likavuta. Likapanda.

Juu pana uwanja mpana, na upepo. Nikazima injini. Chini Kitini nikaona punda wanne, mitungi, na Ludovick na kofia yake, na sajenti Elisante.

"Lishushe!" Ludovick akapaza sauti. "Sajenti, umeona? Ndilo hilo!"

Dorkasi akajibu kwa sauti ile inayovuka korongo. "Panda ulichukue, baba! Mitungi beba kichwani! Wanyamwezi wamekwisha, huyu mmoja tuliyenaye mbovu!"

Hata wenye punda walicheka. Sajenti akavua kofia akajifuta jasho, na kwa kuwa jabali linarudisha sauti tulimsikia wote. "Mzee Ludovick, wewe ulinieleza kituoni mzoga usioweza kutembea hata hatua moja. Mimi nimeona gari linapanda mlima. Nitafutie mzoga, nitaukamata."

Tone la kwanza likaanguka hapo hapo. Walishuka mbio kabla njia haijaanza kuteleza.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua. Kazi hakuna. Rejeta inavuja, nimeiziba kwa sabuni.

Jumapili, 26 Machi

Ludovick amefungua kesi. Afungue. Nitakwenda mahakamani na watu wote waliokuwa getini siku ile, tuone kama masikio ya watu arobaini si maandishi. Hasira haijaniisha na sitaki iniishe.

Kioo nimerudishiwa, honi bado. Leo asubuhi kiti cha dereva hakikuwepo. Dorkasi amekiweka nje ya nyumba yake, anapokea wageni. Nimeendesha siku nzima nimekaa juu ya debe lililobonyea, lile la Desemba, na kila mruko nimemtaja yeye na ukoo wake wote kwa sauti, naye kutoka juu akawa ananijibu.

Tumeshusha safari tisa hadi Kitini. Jioni niliegesha juu, nikashuka kwa miguu nyuma ya Zena. Alikuwa hana kitu kichwani. Alitembea mikono mitupu, na sikuelewa mwanzoni kwa nini anatembea vibaya. Mara aishike nyuma, mara aikunje kifuani, mara ashike pindo la khanga. Akageuka akaona namtazama.

"Sijui niiweke wapi," akasema.